Gubigubi na Hadithi za Mchana

Mpaka leo nikisikia brashi ikigongwa kwenye ukingo wa kikombe cha bati, ti-ti-ti, mwili wangu hutaka kukaa sakafuni na kukunja miguu. Sauti ile ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Ikilia, watoto wote wa upande wetu wa Mbagala tulijua kwamba Dada Ester amemaliza rangi moja, anasuuza brashi, na sasa ana nafasi ya kutuona. Tuliacha michezo ya rede na kombolela, na aliyekuwa ametumwa chumvi dukani aliisahau chumvi.

Dada Ester alikuwa jirani yetu, mpangaji wa vyumba viwili katika nyumba ya pili. Alitoka Songea, akafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji akichora maboksi ya biskuti, kisha siku moja akaacha na kuanza kutunga na kuchora vitabu vya watoto. Vilikuwa vitabu vya majitu, vya miji iliyo chini ya visima na vya mbuzi wenye mabawa. Mtaani walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha popote. Kwa watu wa kwetu mtu mwenye karatasi nyingi na kalamu sikioni hawezi kuwa kitu kingine. Siku moja mama yangu alimuuliza anafanya kazi gani.

"Naandika na kuchora, dada."

"Hapo nimekuelewa," Mama akasema kwa adabu zote. "Lakini kazi, kazi unafanya gani?"

Dada Ester alicheka mpaka akakaa chini.

Na kazi ilikuwepo, jamani. Asubuhi alichora kwa penseli, akapitisha wino, akapaka rangi za maji, kisha akazianika picha kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, katikati ya shuka na gauni zake. Ungeweza kuliona joka la kijani likipepea kando ya foronya. Uso wa joka lile aliuchora kwa kumtazama beberu wa mwenye nyumba, na sie tuliomjua beberu yule tulimtambua mara moja, tukamsalimu. Tukitoka shule alitusomea alichoandika. Hakutuuliza kama ni kizuri, alitutazama miguu tu. Mtoto wa kwanza akianza kujikuna, Dada Ester alitia mstari pembeni mwa karatasi, na kesho yake kipande kile hukioni tena.

Nilipokuwa darasa la tatu alikuwa akihangaika na kitabu cha Gubigubi. Gubigubi lilikuwa dude linaloishi ndani ya matangi ya maji, nalo lilikula sauti za watoto wanaobishana. Lilikuwa limekwisha kumeza sauti ya msichana aitwaye Tatu, na Tatu akawa anazunguka mtaani mdomo wazi, neno halitoki. Hapo ndipo Dada Ester alipokwama. Hakujua sauti ya Tatu itarudi vipi. Wachapishaji walikuwa wakimngoja, naye kila siku alitusomea mwisho mpya, na kila siku tulijikuna. Mwenzenu nilikuwa hata silali vizuri kwa ajili ya Tatu.

Wakati huohuo Bibi akapiga marufuku.

Bibi mzaa baba aliletwa kwetu kutoka Lindi baada ya Babu kufariki. Alikuwa mfupi, mkali, na mikono yake haikuacha kusuka ukili wa mikeka tangu chai ya asubuhi hadi kulala. Siku hiyo alikuwa anatoka kununua nazi, akatukuta tumeizunguka baraza ya Dada Ester, midomo wazi, na jua la saa tisa linawaka.

"Hadithi? Mchana huu?" Nazi nusura imdondoke. "Nyie watoto mna wazimu? Anayesimulia mchana anaota mkia, na anayesikiliza naye anaota mkia. Hawa, mjukuu wangu, nyumbani!" Kisha akamgeukia Dada Ester, akashusha sauti kwa huruma. "Na wewe mwanangu, bado hujaolewa. Ujihadhari."

Jioni ile nilichukua kioo cha Mama, nikajifungia chooni, nikajikagua. Kwa macho sikuona kitu, lakini nilipopapasa niligusa kifupa kidogo kigumu mwishoni mwa mgongo. Leo najua kila binadamu anacho. Siku ile hakuwepo wa kuniambia, nami niliamini mkia umeshaanza safari.

Nilitaka kulia, lakini je, Tatu? Nikiyaokoa matako yangu na mkia, yule mtoto si atabaki bubu milele? Nililala na swali hilo, na asubuhi nikamfuata Bibi mkekani.

"Bibi, kutazama picha nako ni kusikiliza hadithi?"

Bibi alisimamisha ukili. Alipenda sana kuulizwa sheria. Siku ile nadhani alijiona kadhi. "Kutazama ni kwa macho," alisema baada ya kufikiri. "Hadithi ni kwa masikio. Kutazama hakuna neno."

Nilikimbia na hukumu yangu hadi kwa Dada Ester. Mchana huo alizibana kambani picha zote za Gubigubi, ya kwanza hadi ya mwisho, nasi tukajipanga foleni. Tulitembea picha kwa picha, mikono nyuma, bila kutoa hata pumzi ya ziada. Tukifika mwisho, tunarudi mwanzo.

Nyie mnaolea mnajua: watoto wakinyamaza ghafla, ujue kuna kitu kimevunjika au kinakaribia. Bibi alitoka ndani mbio, kanga moja mwilini, nyingine mkononi.

"Shikamoo, Mama," Dada Ester akasema.

"Marahaba. Mnafanya nini nyie?"

"Tunatazama, Bibi."

Alitafuta kosa, hakulipata. Basi akatazama naye. Alisogea kwenye picha ambayo Gubigubi limetokeza kichwa tangini, akakunja uso. "Hili dude gani? Na huyu mtoto mbona kaachama hivi?"

Tuliendelea na foleni yetu, mikono nyuma.

"Hawa, si nakuuliza wewe?"

"Bibi, ni mchana," nikasema.

Wallahi sikusema kwa ujeuri, nilikuwa nauhurumia mgongo wake. Dada Ester aliuma ncha ya brashi asicheke. Bibi akageuka kwenda zake, akafika kwenye pipa la maji, akasimama, akarudi. Alipita kamba nzima tena, polepole.

"Halina nyayo hili. Litatembeaje?"

"Linaelea, Mama."

"Kinachoelea hakitishi! Zimwi lazima lisikike likija."

"Lakini hili si zimwi, Mama. Nimelitunga mwenyewe."

"Halitungwi, hilo!" Wakabishana hapo, kila mmoja na dude lake, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Gubigubi halina nyayo mpaka leo. Mwisho Dada Ester akainama, akamnong'oneza Bibi habari ya sauti iliyomezwa. Labda alidhani kunong'ona hakuhesabiwi.

"Maskini. Sasa itarudije?"

"Ndipo nilipokwama, Mama. Nimejaribu kila njia, wanapigana nalo kwa mapanga, kwa moto, na hawa wananikunia miguu tu. Nisaidie. Wewe ungeimalizaje?"

Bibi aliketi ukingoni mwa baraza, akajifunga kanga vizuri, akalitazama jua kama anavyotazamwa jirani mmbeya. Kisha akasema kwa sauti kubwa:

"Paukwa!"

Tulitazamana. Hakuna aliyethubutu.

"Nimesema paukwa! Mmekufa?"

"Pakawa!" tukaitika, roho mkononi.

Akasimulia. Alisema sauti haipiganiwi, huitwa, kama kuku jioni. Mtu wa kwao Tatu asimame mlangoni aiite kwa jina, asichoke, asione haya, hata majirani wakimcheka. Nayo hutoka hukohuko tumboni mwa dude ikaja mbio, kwa sababu imesikia inatakiwa. Ili tuelewe vizuri akasimama akaita, "Kulukulukulukulu!" Bibi alikuwa amefuga kuku Lindi maisha yake yote. Waliitika kuku wa kwetu, waliitika kuku wa mwenye nyumba, na jogoo mmoja ambaye mpaka leo hatujui alitoka mtaa gani alipita chini ya kamba akaondoka na kibanio. Watoto tuligaagaa chini kwa kicheko. Dada Ester alikuwa anachora kwa kasi huku machozi ya kucheka yanadondokea karatasi.

Mie nilikuwa nimezunguka nyuma ya Bibi.

"Unatafuta nini huko?"

"Mkia, Bibi."

"Umeuona?"

"Bado."

"Basi kaa hapohapo uungoje, mie naendelea."

Kitabu kilipotoka, ukurasa wa mwisho ulikuwa na bikizee mfupi kasimama mlangoni, ukili kwapani, anaita. Bibi alilalamika kwamba pua imezidi, kisha akakipeleka kitabu nyumba kwa nyumba. Tangu siku ile alasiri zilikuwa zake na Dada Ester, na miguu yetu ilitulia tuli.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alishindwa na picha, basi. Nilikuja kuelewa nilipokuwa na watoto wangu, nikikumbuka jioni za nyumbani kwetu. Baba akirudi aliwasha televisheni: taarifa ya habari, kisha tamthilia, na sote tumekaza macho mbele. Bibi alikaa mkekani nyuma yetu, anasuka. Lindi, usiku ulikuwa wake wa kusimulia. Alikuja kwetu na sheria yake ya kungoja giza, na giza likaingia kila siku, akawa anangoja. Likifika hilo akilini, moyo huniuma. Mtu wa kwanza kumwomba hadithi hapa Dar es Salaam alikuwa jirani, tena mchana kweupe. Sie wa nyumbani, tuliokaa naye kila jioni, hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuza kichwa akasema: Bibi, tupe hadithi.