Chupa ya Alizeti Jikoni kwa Bibi

Mawese yakipata moto hutoa harufu nzito inayokaa kwenye nguo mpaka kesho yake, na mimi nilikwenda nayo shuleni Bwera miaka yote ya utoto. Bibi, mama yake baba, alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na sombe yake, yaani majani ya muhogo, iliogelea katika mafuta hayo mekundu. Siku za nyama aliongeza mafuta ya ng'ombe yaliyoganda meupe kwenye bakuli. Baba alikula mpaka akatoa jasho, na kwa jasho hilo Bibi alijua amepika vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipoketi ghafla katikati ya shamba la kahawa, mkono kifuani. Mama alimpeleka Kasese kupimwa. Walirudi na vidonge na karatasi: kolesteroli ilikuwa juu sana, na mishipa ya moyo ingeweza kuziba. Daktari hakukataza mafuta yote. Alitaka mafuta ya ng'ombe yaachwe, na mawese yapunguzwe sana, kwani ingawa hutoka kwenye mmea nayo hupandisha kolesteroli. Badala yake watumie ya alizeti, kwa kijiko, pamoja na maharage na mboga.

Kesho yake mama alinunua chupa ya alizeti. Baba alionja maharage, akasukuma sahani, akasema hatakula kama mgonjwa.

"Basi tutakula wote kama wagonjwa," mama akajibu, akaanza kula.

Wiki nzima sisi watoto tulitafuna maharage hayo huku baba akila matoke matupu kwa hasira. Bibi hakukanyaga jikoni. Kwake chupa ile ilikuwa kama mkwewe amemwambia kwamba amemlisha mwanawe sumu. Nadhani mama alilijua hilo, ila hakurudi nyuma.

Jumapili, baada ya misa, Bibi aliingia jikoni akamwomba mama amsomee ile karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni ugonjwa huo uliomwangusha mumewe kule Butembo, akiwa bado kijana. Mama alisema hajui. Bibi akashika kijiko, akapima mafuta ya alizeti, akapika sombe kwa vitunguu na karanga, kisha yeye mwenyewe akampelekea baba.

"Baba yako nilimuzika," alimwambia. "Weye sitakuzika. Kula."

Baba akala. Miezi kadhaa baadaye alipimwa tena, na kolesteroli ilikuwa imeshuka. Si kama daktari alivyotaka, lakini ilishuka.

Leo nina jiko langu Kasese, na maduka yamejaa mafuta ya alizeti. Majirani huyamimina bila kupima, wakidhani ya mimea hayana madhara. Sisi tulikuwa na chupa moja, na wanawake wawili waliokataa kushindwa. Baba bado hupanda kilima kuvuna kahawa kila msimu. Akinitembelea hulalamika kwamba chakula changu hakina ladha, kisha huomba aongezewe.