Masizi Usoni mwa Hamisi

Gurudumu likizunguka hewani bila kugusa chini hutoa sauti nyembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Nimeisikia mwaka huu shuleni kwa mjukuu wangu Rukia, hapa Kilwa Masoko, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Kabla sijawasimulia, niwatajie kwanza waliokuwepo, maana wengine wamebaki katika kumbukumbu yangu tu. Zamani hizo, kule Njinjo, tulikuwa hawa: mama yetu, Bi Mwanaisha, kaka yangu Hamisi, kifungua mimba, mimi Zuhura, wa kati, na mdogo wetu Somoe, ambaye surua ilimchukua macho yote mawili kabla hajajua kusema vizuri. Baba alikuwa ameshatangulia. Shamba lililopakana na letu lilikuwa la mjomba Selemani, aliyemfuatia mama ziwa. Hao ndio wa habari yangu. Wa shuleni nitawataja tukifika.

Somoe alikuwa mtoto wa barazani. Asubuhi anawekwa kwenye mkeka, jioni anatolewa, kama muhogo ulioanikwa. Hamisi hakuipenda hali ile. Akatunga mchezo, akauita mchezo wa punda. Mmoja wetu anafungwa kitambaa machoni, huyo ndiye punda. Mwingine ni msemaji. Msemaji anaficha korosho za kukaanga mahali uani, kisha anamwambia punda njia nzima tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu anakaa kimya. Haruhusiwi kuongeza neno wala kukohoa. Punda naye haruhusiwi kutumia akili yake, anakwenda kama alivyoambiwa. Akifika, korosho wanakula wote wawili. Akijikwaa kwenye kinu au akiingia kwa kuku, punda hana kosa. Aliyekosea ni msemaji, na adhabu yake ni kupakwa masizi ya chungu usoni, ashinde nayo hivyo mpaka magharibi.

Mimi nilipakwa sana. Nilikuwa nasema "nenda kule," nikidhani punda anajua kule ni wapi.

Somoe alikuwa punda kutuzidi sote, na alitaka afungwe kitambaa vilevile. "Nifungeni na mimi, msinipunje," alisema, na Hamisi akamfunga kwa makini kabisa, akamuuliza kama anachungulia. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kutoka uani, mchezo ukahamia njiani. Msimu wa mpunga na mahindi Hamisi alikuwa akilinda shamba, anakaa kwenye dungu, jukwaa la miti, kufukuza ngedere mchana na nguruwe usiku, na alitaka Somoe amletee chakula cha mchana mwenyewe. Akamfundisha njia kipande kwa kipande. Hakumwambia habari ya kushoto kwenye mti mkubwa, maana mti mkubwa kwake ulikuwa nini? Alimwambia: toka mlangoni, fuata udongo mgumu mpaka miguu isikie mchanga. Kwenye mchanga endelea mpaka upate baridi ya kivuli na harufu ya mabibo ya mikorosho. Hapo geukia upande wa mkono unaolia chakula. Endelea mpaka nyasi zikuguse magoti, kisha niite. Somoe aliifanya wimbo. Hata mimi nikisema sasa hivi, nasikia sauti yake.

Mwanzoni kabisa Hamisi alimkatia fimbo ya mti wa mkole, nyepesi, akaimenya gome, akaipaka mafuta ya nazi isimchome. Mama alipoiona alimpokonya Somoe mkononi. Alisema, "Fimbo ni ya ombaomba anayepita milango ya watu siku ya Ijumaa. Mwanangu haombi." Akaivunja juu ya goti na kuitia motoni. Tulikula muhogo uliopikwa kwa moto wa fimbo ile.  Kesho yake Hamisi aliendelea kumfundisha mdogo wake njia, mikono mitupu.

Na Somoe aliijua. Akawa anapita na bakuli kichwani, anaimba, hakosei. Wanawake waliokuwa wakipalilia walikuwa wakimtania: "Somoe, hebu nitazamie huko mbele, kuna mtu anakuja?" Naye anajibu, "Namwona, shangazi, ni mkweo, kajifiche." Watu wakamzoea hivyo. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kusahau kwamba haoni.

Mwaka ule nguruwe walizidi. Walikuwa wanafukua mihogo ya mjomba Selemani mpaka akawa anaamka anatukana. Mwishowe akachimba shimo la mtego penye upenyo wao, pale wanapoikata njia yetu karibu na mikorosho, akalifunika kwa fito na majani. Na alifanya kama ilivyo desturi. Ukichimba shimo la nguruwe karibu na njia ya watu, unakata tawi bichi na kulilaza kando, kichwa kimeelekea shimo, ili kila apitaye ajue na azunguke. Mjomba alikata tawi la mkorosho, akalilaza vizuri, na kila mtu aliliona. Mama aliliona. Hamisi aliliona asubuhi akienda kulinda, akazunguka kama wengine.

Mimi nilikuwa chuoni, nasoma Kurani kwa maalimu. Hamisi ndiye aliyesikia. Alinihadithia mara moja tu, tukiwa watu wazima: alikuwa juu ya dungu, akasikia wimbo unakuja, ukafika kwenye harufu ya mabibo, ukakatika. Akangoja uendelee. Alidhani Somoe amesimama kuokota bibo.

Somoe alitumbukia shimoni, akaangukia shingo. Walipomtoa bakuli lilikuwa zima. Sitasema zaidi ya hapo.

Alizikwa alasiri ileile. Kabla maiti haijatoka, wanawake wamejaa ndani, wanaume uani, nami nimekaa karibu na mlango, nikamwona Hamisi anatoka jikoni. Uso wake wote ulikuwa mweusi kwa masizi, paji la uso mpaka kidevuni. Watu wazima walidhani alikuwa anapuliza moto. Mimi nilijua. Ule ulikuwa mchezo wetu, na mchezo una sheria yake. Mama naye alijua, maana alikuwa akituona uani kila siku. Alimtazama Hamisi, akamnyooshea kidole, akasema mbele za watu, "Wewe ndiye uliyemtembeza."

Hamisi akainamisha kichwa. Mjomba Selemani alikuwa ukutani analia kama mtoto, akisema, "Tawi nililiweka, jamani, tawi nililiweka," na watu wakamwambia tumeliona, Selemani, wewe huna lawama. Kwa Hamisi hakuna aliyesema hivyo.

Tangu siku hiyo mama hakulitamka tena jina lake. Alimwita "wewe," na akimtuma kupitia kwangu alisema "mwambie huyo." Hamisi alivumilia misimu kadhaa, kisha akaenda Lindi, akabeba magunia kwenye duka la Mhindi mpaka mgongo ukapinda. Alirudi Njinjo kumzika mama tu. Alioa, akazaa, na wanawe walimwona baba wa ajabu: hakumfundisha hata mmoja wao kitu chochote. Mtoto akimuuliza njia ya kwenda dukani, alimwambia, "Kamuulize mama yako." Alifariki masika ya mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa namwonea huruma na kumlaumu kwa pamoja, kwa sababu nilimwona na masizi, na mtu hajipaki masizi bure.

Sasa nifike shuleni. Mwalimu Salma, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alituita wazazi na walezi tuje tuone watoto wanavyojifunza kuiongoza roboti. Nilidhani nitaona mtu wa chuma. Kumbe ni kigari kidogo kama bakuli la mboga, watoto wamekibandika jina Mzee Kobe. Wametandika kitambaa chenye miraba sakafuni, wamechora nyumba huku na soko kule. Mtoto anapanga kadi za mishale, mbele, kulia, mbele tena, anakisomesha kigari njia nzima, anakibonyeza, anakaa kimya.  Nilitaka kuuliza nani aliwapa mchezo wa Hamisi.

Rukia alipanga kadi zake. Mzee Kobe akatoka nyumbani, akakata kona vizuri, kisha akapanda mkanda wa begi lililotupwa kwenye kitambaa, akapinduka. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani, na ile sauti.

"Umemuua wewe Rukia, kadi zako za uongo," akasema Shabani, rafiki yake.

"Zangu? Jana alifika sokoni kwa kadi hizihizi. Begi la nani lile?"

Likawa la Shabani. Watoto wakacheka. Mwalimu Salma hakucheka wala hakukaripia. Alimuuliza Shabani, "Ulijua kwamba hana macho?"

"Nilijua, mwalimu. Ila anavyopita vizuri, nikasahau."

"Basi Rukia hajakosea, na Mzee Kobe hajakosea. Njia imebadilika, na yeye hana cha kumwambia. Tufanyeje?"

Rukia akafikiri. "Tumpe kitu cha kupapasia."

Mwalimu akatoa kwenye boksi vijiti viwili vyembamba, akavichomeka mbele ya kigari kama pembe za konokono. Begi likaachwa palepale. Mzee Kobe akaja, vijiti vikagusa, akasimama. Akarudi nyuma, akazunguka.

"Hiyo ni fimbo," nikasema. Sikujua kama nimesema kwa sauti.

"Ndiyo, bibi," akasema mwalimu. "Ni fimbo yake."

Walinipa kiti nikae. Rukia alidhani ni joto.

Miaka yote hii nilidhani Hamisi alijipaka masizi kwa sababu alijua amekosea. Maelekezo yake hayakuwa na kosa. Na siku ile ya msiba, watu wamejaa, mama amemnyooshea kidole, alikuwa na neno moja tu la kusema: fimbo. Angelisema, lawama yote ingehama pale pale na kumwangukia mama, mbele ya maiti ya mwanawe. Hakulisema siku ile. Hakulisema Lindi, wala kwenye mazishi ya mama, wala aliponihadithia habari ya wimbo uliokatika. Na sasa naona kwa nini mama hakuweza kulitamka jina lake. Alikuwa anamtazama mtu aliyevaa masizi yake yeye mama, na hajui amvue vipi.

Nimewaandikia haya kama ninavyokumbuka. Kama yupo mtu wa Njinjo wa enzi zetu, aliyekuwa akipita pale nyumbani, na anakumbuka vingine, tafadhali anisahihishe. Anaweza kuniambia mti haukuwa mkole, au kwamba fimbo haikuvunjwa, ilipotea tu kama vitu vya watoto vinavyopotea. Nitamsikiliza. Katika hili, ningefurahi kuambiwa nimekosea.