Tela la Mwanne katika Mnada wa Isambala

Asubuhi lilipobomolewa banda la Mwanne Masudi, supu ilikuwa tayari imeiva. Halfani, msimamizi wa mnada, alimwamkia kwanza, "Shikamoo, mama," kama kijana aliyelelewa vizuri, akangoja aitikiwe, kisha akaliashiria katapila lisogee. Mwanne aliomba aruhusiwe kuitoa sufuria. Aliruhusiwa. Alipokuwa bado ameikumbatia kwa kanga mbili, mvuke ukimchoma kidevu, ukuta wa nyuma ulikuwa umekwisha kulala chini.

Ni haki kueleza ukuta ule ulitoka wapi. Miaka michache kabla yake, Kamati ya Mnada wa Isambala iliwakusanya mama lishe wote ikawaagiza waache maturubai na miti, wajenge kwa tofali, kwa kuwa maturubai yanauaibisha mnada mbele ya wageni. Wengi waliitikia kwa mdomo wakaendelea na maturubai yao. Mwanne alitii. Alifyatua tofali kiangazi kizima, akazichoma, akajenga chumba cha kupikia mbele na cha kulala nyuma, kwa sababu mumewe alikuwa amefariki, nyumba yao ya kijijini Kolo imerudi mikononi mwa shemeji zake, naye hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Kisha Kamati ile ile, chini ya mwenyekiti yule yule, ikatangaza kwamba mabanda ya kudumu yanazuia mpango mpya wa uwanja. Wenye maturubai waliyakunja, wakasogea pembeni, wakayatandaza tena kabla ya adhuhuri. Aliyetii ndiye aliyebomolewa.

Hakupiga kelele. Wanaomfahamu husema kwamba tangu siku ile hata sauti yake ilipungua. Alikusanya vyombo, akamfuata rafiki yake Evodia kwenda Makutupora kuchuma zabibu za watu, kama wanavyofanya wanawake wengi wa huku mavuno ya shambani yanapokataa. Evodia ni Mgogo, mwenye miguu mifupi na maneno mengi, na ndiye aliyemwonyesha kile kijumba.

Kilikuwa kimetelekezwa nyuma ya kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara: sanduku la bati juu ya magurudumu mawili, lenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka, ambamo zamani alikuwa akilala msimamizi wa kazi. Tela la kulalia watu. Ndani mlinuka dizeli na popo. Mwanne alilizunguka, akalisukuma kwa bega, likatikisika kidogo na kurudi mahali pake.

"Linatembea," alisema.

"Dada, hata mzee Chiduo, jirani yetu, anatembea," Evodia alimjibu, "lakini nani atataka kukaa ndani yake?"

Mwanne hakucheka. Alikuwa ameshaamua. Mbuzi wake wote na cherehani ya marehemu vilikwenda kwa mlinzi wa kambi, na tela likaja kwake.

Aliyelivuta kutoka pale ni Paskali, Msandawe wa upande wa Chemba, ambaye hubeba mbuzi wa wafanyabiashara kwa pikapu yake kuukuu kutoka mnada hadi mnada, na siku zisizo na mnada huchomelea mageti. Alikubali kulitengeneza kwa sharti la kula bure kila watakapokutana. Nati ya kwanza ya gurudumu ilipogoma, aliisemesha kwa lugha yake yenye vidoko, ulimi ukigonga kaakaa, mpaka ikalegea.

"Umeiambia nini?" Mwanne aliuliza.

"Nimeiambia ni mali ya Mrangi kama wewe, haitafunguliwa mara ya pili bila kulipiwa."

Kulipanga tela ni kazi inayomfundisha mtu uchache wa mahitaji yake. Kitanda cha chuma cha yule msimamizi wa barabara kiling'olewa, mahali pake pakawekwa ubao mpana wenye bawaba, unaoinuliwa mchana. Chini yake mkapangwa unga, mchele na maharage. Paskali alichomelea rafu mbili, akaziwekea ukingo wa nondo ili sahani zisiruke barabarani. Vikombe Mwanne alikataa kuvipanga. Alitaka vining'inizwe kwa ndoana, kimoja kimoja.

"Vitagongana njia nzima," Paskali alimwonya.

"Vigongane. Nikisikia vimenyamaza nitajua umetuangusha korongoni."

Dumu la maji lilifungwa kwa mkanda nyuma ya mlango, likatobolewa na kutiwa koki. Dirisha lilikatwa upya, likapewa wavu na pazia la kanga. Paa lilipata kipande cha sola cha kuwashia taa moja. Jiko la mkaa lilipewa mahali pake nje, kwenye kibao cha chuma kinachokunjuliwa kando ya mlango. Kila kitu kilifungwa, kikaning'inizwa au kikabanwa.

Tatizo likabaki moja, nalo ni jua. Mwezi wa kumi katika nyanda hizi, bati ni chungu na aliyemo ndani ni mboga. Hapo ndipo wanawake wale wawili walipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa aliyezaliwa ndani ya tembe. Wote wawili walikulia katika nyumba za paa la bapa, zenye kuta nene za udongo, ambamo mchana wa kiangazi mtu hujifunika shuka. Walijua dawa ya joto ni nini. Paskali akiwa safarini na mbuzi, walifunga fito ndani ya tela kwa waya, wakakanda udongo wa kichuguu kwa samadi na majivu, wakazikandika kuta zote nne kwa unene wa kiganja, wakazipiga kwa mikono mpaka zikalainika kama ngozi. Walifanya hivyo kwa ustadi. Udongo ulipokauka waliingia, wakafunga mlango, wakakaa kimya wakiusikiliza ubaridi.

Mwanne alilala pale mchana kutwa. Evodia anasema hajapata kumwona mtu akilala namna ile, mdomo wazi, viatu miguuni, kama aliyeshushwa mzigo wa mwaka mzima.

Paskali aliporudi hakuangalia kuta. Aliangalia springi za chini.

"Mmelipaka nini?"

"Ubaridi," alisema Evodia.

"Ubaridi huu una uzito wa nyati, mama zangu. Nyumba haisafiri na ukuta wake."

"Yetu itasafiri," alisema Mwanne.

Paskali hakuwa na moyo wa kubishana, wala wao hawakuwa na moyo wa kubomoa. Waliondoka. Lami iliwapokea vizuri. Walipoiacha na kushika njia ya vumbi yenye makunyanzi kama ubao wa kufulia, ukuta wa kwanza ulianza kupasuka, na walipovuka mto wa mchanga, kuta zote zilishuka kwa vipande vikubwa juu ya kitanda, juu ya unga, juu ya masufuria. Mwanne alifungua mlango, vumbi likampiga usoni kama moshi. Vikombe vilikuwa bado vinaning'inia. Alichukua koleo, akaanza kutoa udongo. Evodia alilia kidogo, akanyamaza, akachukua karai. Kazi hiyo iliwamaliza siku. Baadaye walishona mikeka ya ukindu na magunia yaliyojazwa nyasi, wakayafunga ukutani kwa kamba. Haina utulivu wa udongo, lakini inasafiri.

Ndivyo Mwanne, pamoja na Evodia, alivyoanza maisha ya kuzunguka kutoka mnada hadi mnada. Kila alipofika mnadani, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwelekeza Paskali aligeuze tela mpaka mgongo wake uukabili upepo. Kiangazi upepo wa huku hutoka mashariki na haupumziki. Hubeba mchanga, mbolea ya ng'ombe na majani makavu. Ndiyo maana wazee walijenga milango ikitazama machweo. Mlango ukitazama mashariki, majivu ya jiko huingia katika supu, na cheche huingia kitandani. Katika kijumba kilichojaa nyasi kavu ukutani, cheche si jambo la mzaha. Baada ya mgongo kukaa sawa, alitia mawe magurudumuni, akakunjua kibao cha jiko, akateremsha vikombe. Minada mingine haikumsumbua. Watu walikula, akalala, akaondoka.

Kisha ikaja zamu ya Isambala, mnada mkubwa kuliko yote, ambao bila huo safari nzima haina faida.

Halfani alikuja wakati mchuzi unachemka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja na katapila au na mdomo?"

"Mdomo tu, mama. Geuza mlango. Amri ni mstari mmoja, wote mtazame barabara."

"Barabara iko mashariki. Na upepo unatoka wapi, baba?"

"Upepo haumo kwenye amri."

"Ndiyo maana hauwatii."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mmoja alisema kwa sauti kwamba supu ya mchanga wampelekee mwenyekiti. Halfani alitabasamu, lakini hakucheka nao. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, mimi natumwa. Kamati imekaa. Banda lazima litazame barabara. Lisilotazama si banda. Na chenye magurudumu ni gari, magari yanakaa kule kwenye malori ya ng'ombe, na jua likizama yanatoka nje ya uwanja. Hakuna kulala."

"Kwa hiyo nipike kwenye kinyesi, kisha usiku nizurure."

"Sijasema hivyo. Nakusaidia. Toa magurudumu. Weka hiki kijumba juu ya mawe, nami nitakupigania uache mlango wako huko huko unakotaka. Nitakupa nafasi karibu na lango, penye bomba la maji na choo. Utatulia."

Neno hilo lilimwingia. Ilionekana. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba kwa kupanda na kushuka ngazi ile, na dumu la maji halijawahi kuwa jepesi. Evodia, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua kichwa.

"Toa, dada," alisema polepole. "Nimechoka, na wewe umechoka. Tukae mahali pamoja."

Mwanne alikaa kwenye ngazi ya tela lake. Alilifuta jasho kwa ncha ya kanga. Kwa muda mrefu alilitazama lile bomba kule langoni, ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo.

"Nikiyatoa magurudumu," alimwuliza Halfani, "siku mtakapobadilisha mpango tena, nitaondokaje?"

"Hiyo ni siku nyingine, mama."

"Hiyo siku nyingine nimekwisha kuiona. Ulinisalimia vizuri sana."

Halfani alitazama chini. Alisema tu kwamba atalazimika kuwaita vijana walivute. Mwanne alimwambia asijisumbue. Aliwagawia wateja mchuzi uliobaki, akamwaga mkaa, akamwita Paskali.

"Funga."

"Supu yangu je?"

"Utainywa ng'ambo. Funga."

Walilivuta nje ya kamba ya mpaka wa uwanja, hadi kando ya barabara, karibu na kalavati. Hapo ndipo anapopikia kila zamu ya Isambala inapofika. Hakuna choo, huenda porini kabla hakujapambazuka, mwanamke wa umri ule. Hakuna maji, huyabeba kutoka kwenye lile bomba kwa hisani ya wenzake. Wateja wanaovuka kamba kumfuata ni wachache, na baadhi ya jioni humwaga supu ambayo hakuna aliyeinywa. Evodia ameanza kusema kwamba atarudi kwenye zabibu. Mwanne hamlaumu. Ukimwuliza kama anajuta, anasema magoti yanajuta, yeye bado.

Watu hupenda hadithi za wanawake wasioinama, huzisimulia, kisha huenda kulala. Lakini kwa nini mwanamke mpika supu alazimike kuwa shujaa ili apate mahali pa kuegesha kitanda chake? Alipojenga banda mliloagiza, wajumbe wa Kamati, mlimbomolea. Alipojitengenezea kisichobomoleka, mmemtaka akilemaze ndipo mmtambue. Huo si utaratibu wa uwanja. Ni njia ya kumfanya mtu asiwe na mahali popote anapoweza kukutwa na haki.

Kwa hiyo ninyi wajumbe wa Kamati ya Mnada wa Isambala, na wewe mwenyekiti uliyeketi kitini tangu amri ya tofali hadi amri ya magurudumu, mnadaiwa yafuatayo, wala hamwombwi. Mwingizeni Mwanne Masudi ndani ya uwanja pamoja na tela lake, likiwa na magurudumu yake yote mawili. Mwacheni alale humo na auelekeze mlango upande ambao moto hautamwunguza. Mlipeni tofali mlizozilaza chini, kwa kuwa nyinyi ndinyi mlioziagiza. Na fanyeni hivyo kabla ya mnada ujao, hadharani, mbele ya wale wale walioliona katapila.