Mungu Anayelala Mchana

Daktari alipotaja jina la ugonjwa, mama yangu alifunga mkoba wake akasimama. Alikuwa amepimwa moyo, presha na sukari, na vyote vilikuwa sawa. Kumbe ile hali inayomshika ghafla, kifua kikambana, mikono ikatetemeka, akahisi anakufa, kwa Kiingereza huitwa panic attack.

"Mimi nipaniki?" aliniuliza tulipotoka nje, katikati ya kelele za Nakuru mjini. "Mimi nimezalisha kondoo kwa hiyo baridi ya Molo miaka yote, ati napaniki? Huyo daktari ni mtoto."

Nilimwelewa. Kwetu ukiambiwa umepaniki, umechekwa. Ni neno la kumwambia mtu anayetafuta simu kumbe ameishika mkononi. Dawa akazikataa, siku ya kurudi kwa daktari akaikataa pia, akaenda zake Molo kwa kondoo wake. Nami nikabaki Nakuru, mtaani Bondeni, na wasiwasi wangu. Tangu baba afariki anaishi peke yake kule, na hali ile ilikuwa imeanza kumshika karibu kila siku. Niliogopa kwamba siku moja itamwangusha jikoni karibu na moto, na hakuna wa kumwinua.

Mimi kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule, na nina ugonjwa wangu pia: neno likinikera situlii mpaka nilichimbe. Hili lilinikera kweli. Nikalichimba, na huko chini nikamkuta mungu.

Wagiriki wa kale walikuwa na mungu wa wafugaji, jina lake Pan. Juu alikuwa mtu mwenye pembe, chini alikuwa mbuzi. Alikaa milimani pamoja na makundi ya mifugo. Ikitokea kundi linakula kwa utulivu, halafu ghafla likatimua mbio, na hakuna chui wala mbwa wala radi, wachungaji walisema ni Pan amelipigia ukelele. Hofu ya namna hiyo, isiyo na sababu ya kuonekana, wakaiita kwa jina lake. Wafaransa wakalichukua, Waingereza nao wakalichukua, na lilipotufikia sisi tukalifanya la kuchekana.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Neno alilolikataa mama lilikuwa la kondoo tangu mwanzo!

Lakini kuna jambo lililonishangaza zaidi. Pan alikuwa akilala saa sita mchana, na saa hiyo mchungaji hakuthubutu kupiga filimbi, asije akamwamsha na kumkasirisha. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa hiyo hiyo. Saa sita baba aliwakusanya kondoo kwenye kivuli cha saipresi, wakalala wakicheua, naye akalala papo hapo kwenye nyasi, kofia usoni. Hakuna kupasua kuni, hakuna redio. Alisema kondoo mwenye mimba akishtuliwa wakati anacheua, mimba itatoka. Sisi watoto tulinong'ona, na mama alipika bila kugonganisha sufuria.

Jumamosi nikaenda Molo. Nilimkuta akimenya viazi mlangoni, nikachukua kisu nikamenya naye, nikamsimulia yote: miguu ya mbuzi, ukelele, filimbi.

"Kwani huyo mungu alikuwa anafuga hapa Molo?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari, akacheka. Sasa akawa yeye ndiye mwenye maswali. Hao kondoo wakikimbia, walikuwa wanachapwa? Nikamwambia sijasoma popote kwamba walichapwa. Walitukanwa? La. Na huyo Pan, ni saa sita tu ndio ako mkali? Nikamwambia ndiyo, saa ile mchana unaponyamaza.

Kisu chake kikasimama kwenye kiazi.

"Mimi pia hunishika hiyo saa," alisema.

Daktari hakuwa amemuuliza ni saa ngapi. Mimi, pamoja na udadisi wangu wote, sikuwa nimemuuliza pia.

"Kila siku?"

"Nikimaliza kupika. Miaka yote hiyo saa nilikuwa nanyamaza kwa sababu kuna mtu amelala. Sasa ikifika bado nanyamaza, mwili umezoea. Alafu nakumbuka hakuna mtu amelala."

Nilikuwa nimechimba hadi kwa Wagiriki nikadhani nimefika mwisho. Nilimshika mkono, uliolowa na wenye udongo wa viazi, nikalia mimi, yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akautoa mkono wake polepole na kuokota kiazi kingine.

"Nitarudi kwa huyo daktari," alisema. "Lakini hiyo utamwambia wewe. Mimi siwezi kuisema mara mbili."