Mifupa Iliyochimbwa Kabondo

Chumba changu cha mazoezi hunuka sabuni na mifupa iliyochemshwa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa harufu hiyo. Ninafundisha médecine légale katika chuo cha udaktari hapa Kisangani, yaani udaktari unaosaidia mahakama. Tunachunguza maiti, majeraha, sumu, na umri wa kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, ili jaji aambiwe jambo la kweli kabla hajamfunga mtu au kumwachia. Marehemu mama yangu, aliyetoka Kindu, hakuipenda kazi hii. Majirani wakimuuliza binti yake ni daktari wa nini, aliwaambia wa wajawazito. Nilimsikia mara nyingi na sikumkosoa.

Wanafunzi nao hulichukua somo langu kama mlima wa kuvuka tu. Wanataka kuwa wapasuaji, wanataka kutibu watoto, wanataka kwenda Ulaya. Mwaka mmoja nilichoka na nyuso zile za kusinzia. Mifupa ya plastiki hatukuwa nayo, na kiunzi kimoja cha mtu tulichokuwa nacho kilikuwa kimepoteza mkono na taya. Nikawaambia darasa zima: kila mtu alete mfupa kutoka kwenye sahani yake, umeoshwa, na asiseme ni wa nini. Wenzake watambue.

Walicheka hadi madirisha yakatikisika. Lakini waliileta. Mbuzi, nguruwe, kuku, samaki mkubwa wa mtoni, swala. Msichana mmoja mkimya kutoka Yangambi, ambaye hadi siku ile sikuwa nimeisikia sauti yake, aliweka mezani kiganja kizima cha makako, yaani tumbili wa porini, kilichochemshwa na kupangwa kidole kwa kidole. Kilikuwa mkono wa mtoto mdogo, au ndivyo kilivyoonekana.

"Madame," akauliza, "daktari anaweza kukosea hapa?"

"Anaweza," nikasema. "Na akikosea, mtu anaingia gerezani."

Tuliacha somo la siku ile tukakaa na kile kiganja. Niliwaonyesha kwamba mfupa wa mtoto haujamaliza kukua. Ncha zake ni vipande vya peke yake vilivyoshikwa na gegedu, na gegedu likioza ncha zinadondoka, mfupa unabaki na kichwa chenye makunyanzi kama udongo uliokauka. Mfupa wa mnyama mzima, hata uwe mdogo namna gani, ncha zake zimeungana, ni laini, zimekamilika. Mfupa mdogo si sawa na mfupa mchanga. Yule msichana aliandika, akafuta, akaandika tena. Tangu siku ile alikuwa akija kabla ya wenzake na kuchagua mifupa nami.

Alikuwa mwaka wa mwisho wakati inspekta wa polisi aliponipigia simu. Kulikuwa na fujo katika mtaa wa Kabondo. Mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mwenye duka la jumla la mchele na sukari, alikuwa amenunua lupango huko, kiwanja chenye nyumba iliyobomoka, akitaka kujenga duka jipya. Vibarua wake walipochimba msingi waliangukia shimo la udongo mweusi uliojaa mifupa midogo. Vidole. Mmoja alitupa koleo akakimbia barabarani akipiga kelele kwamba tajiri alizika watoto.

"Njoo mbio, Prof," inspekta akasema. "Nimemuweka ndani ya jeep yetu. Sijui kama nitaweza kumulinda."

Nilichukua wanafunzi wachache waliokuwepo, pamoja na yule wa Yangambi, tukapanda pikipiki tukiwa na ndoo, brashi na magazeti ya zamani.

Watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta. Walikuwa wanapiga jeep kwa viganja, na ndani yake nilimwona yule mfanyabiashara, mzee mwenye rozari, ameinamisha kichwa, midomo yake ikienda. Kijana aliyenifungulia njia alinisemea sikioni bila kuulizwa: "Bale batu ya Butembo, unafikiri banatosha franga wapi? Njo hii sasa. Damu ya batoto."

Yaani utajiri wao unatokana na kafara ya watoto. Nilimtazama inspekta, mtu mzima mwenye mvi, jasho likimtiririka. Alinivuta pembeni. "Prof, wewe angalia kidogo tu, useme. Iko ya batu ao haiko ya batu. Niandike, tumalize."

Nikachuchumaa ukingoni mwa shimo. Mifupa ilikuwa midogo kweli, mingine imeungua, mingine ina alama za panga. Niliokota mmoja, nikaugeuza. Ncha zake zilikuwa laini, zimekamilika. Moyo wangu ukatulia, na nikajiona nimeshapata jibu. Ninakiri lilikuwa limefika ulimini. Watu wale wangepoa, mzee yule angetoka ndani ya jeep, na mimi ningerudi nyumbani shujaa.

Yule msichana alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Aliona uso wangu akajua.

"Madame, bado," akasema polepole. "Hatujaona yote. Kama kuna mmoja wa mutu katikati ya hii yote?"

Inspekta akamkatiza. "We mutoto, unaona hii batu? Hatuna wakati."

"Papa inspekta," akamjibu, na hakuinua sauti, "tukisema leo haiko ya mutu, na kesho banakuta moja ya mutu, nani atatuamini tena? Atakufa huyu papa, na sisi tutakuwa tumemuua."

Inspekta alinitazama, akingoja nimkemee mwanafunzi wangu. Nikamwambia, "Umemusikia. Mutufanyie nafasi." Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini ndani nilikuwa nimeshaanza kuringa.

Tulitandika magazeti. Wawili walitoa udongo kwa mikono, mmoja aliosha kwenye ndoo, na yule wa Yangambi alipanga: miguu huku, mikono huku, mbavu, uti wa mgongo. Mama mmoja jirani, muuza unga wa muhogo, alitupitishia chekeche lake juu ya ukuta. "Muchukue tu," akasema. "Musirudishe." Tukachekecha udongo wote wa shimo lile. Kazi ilikuwa ndefu, jua likatupiga vichwani, na jambo la ajabu ni kwamba kadiri tulivyokawia ndivyo watu walivyotulia. Walikuwa wanatazama. Wale wa ukutani walianza kuwaeleza wale wa nyuma tunachofanya. Jeep haikupigwa tena.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipopita katikati ya polisi, na hakuna aliyemzuia. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la kitenge. Alipokifungua tuliona mfupa, mwembamba, wa mkono. Aliuokota asubuhi kabla ya polisi kufika.

"Mutoto wangu alipoteaka," akasema. "Alienda kuchota maji, hakurudia. Nimeleta huu. Munione kama ni yeye."

Nimesimama mbele ya mahakimu, mbele ya wakubwa wa kijeshi, mbele ya maiti ambazo sitaziandika hapa. Mbele ya mama yule nilirudi nyuma hatua moja. Mwanafunzi wangu ndiye aliyejifuta mikono, akaketi naye chini kwenye udongo, akaupokea ule mfupa kwa mikono miwili.

"Mama, mutoto wako alikuwa na miaka ngapi?"

"Alikuwa anaanza masomo."

"Bon. Angalia hapa, mama." Akampitisha kidole kwenye ncha ya mfupa. "Mutoto wa kuanza masomo, mufupa yake haiishe kukomaa. Hapa kwa mwisho haishikamane, inaanguka. Hii imeshikamana. Unasikia? Iko laini. Hii ni mukubwa, lakini mukubwa wa mwili mudogo. Hii ni makako, mama. Haiko mutoto wako."

Mama alipitisha kidole mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakulia. "Basi nimutafute wapi?" akauliza.

Nilidhani msichana atatafuta maneno ya kumfariji. Hakuyatafuta. Alisema, "Sijui, mama. Ningejua ningekuambia." Akamshika mkono wakakaa hivyo, mbele ya umati wote, kama hakuna kazi nyingine inayongoja. Kisha mama akajifunga kitenge, akamwachia ule mfupa, akaenda kukaa kivulini kwa muuza unga, ambaye alimpa maji.

Tulipomaliza udongo wa mwisho, ndani ya chekeche vilibaki vifupa vidogo vidogo kama shanga ndefu. Mwanafunzi wangu alivipanga kwenye gazeti kimoja baada ya kingine, kikubwa mbele, kidogo nyuma, hadi vikafanya mstari mrefu kuliko mkono wake. Akaanza mstari wa pili. Wa tatu. Akanigeukia macho yakimeta, nami nikamwambia kwa Kifaransa kwamba sasa tumeona yote, naye anaweza kusema.

"Mimi?"

"Wewe."

Kusema kweli ningesema mimi, ningesema kwa Kifaransa cha chuo, na nusu ya watu wasingenielewa. Yeye alipanda juu ya rundo la matofali akawaita kwa Lingala, kisha akaendelea kwa Swahili ya mtaani, akirukaruka kutoka lugha moja hadi nyingine kama watu wote wa mji huu.

"Bapapa, bamama, tumechekecha udongo yote, munajionea. Tumepanga mufupa moja moja. Haiko hata moja ya mutu. Hata moja!" Kelele zikaanza. Akainua gazeti lenye ule mstari. "Mungoje! Munaona hii? Hii ni mukia. Na hii, mukia ingine. Sasa muniambie, hapa Kabondo, nani alizaaka mutoto wa mukia?"

Kisha mtu mmoja ukutani akaangua kicheko, na kicheko kikapita umati mzima. Sauti ya mwanamke mzee ikatoka nyuma kabisa: "Ni kweli! Zamani hapa palikaaka mama ya kuuzisha nyama ya pori! Alikuwa anakausha makako kwa moshi!" Wengine wakamkumbuka, wakabishana jina lake na alikohamia. Hapo ndipo alama za panga na za kuungua zilipopata maelezo.

Inspekta alimfungulia mzee wa Butembo mlango wa jeep. Mzee akatoka. Hakwenda kwangu, mimi niliyekuwa nimevaa koti jeupe la profesa. Alikwenda kwa msichana yule na kuvua kofia.

"Dokta," akamwambia.

Hakuwa dokta bado. Mitihani ilikuwa mbele yake. Lakini sikumsahihisha mzee, na yeye mwenyewe alitazama chini kwa haya, mikono yake imejaa tope.

Tuliandika ripoti pamoja. Nilimwachia aya ya mwisho, ile ambayo watu wa mahakama huisoma peke yake. Aliandika kwamba mifupa yote iliyotolewa kwenye shimo hilo ni ya wanyama, kisha akaongeza kwamba hatukuchimba nje ya shimo na hatuwezi kusema lolote juu ya udongo mwingine wa kiwanja. Polisi wakamaliza kuchimba kiwanja siku zilizofuata, sisi tukiwepo, na hakukuwa na kitu ila matofali na vyungu. Duka limejengwa. Nikipita pale leo nakuta wateja wamepanga mstari, na miongoni mwao, nina hakika, wako waliopiga ile jeep.

Mwanafunzi wangu alifaulu, akachagua kubaki nami. Wenzake walimshangaa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, aliitwa peke yake kutoa ushahidi mahakamani, katika kesi ya mtu aliyekufa kwa jeraha la kisu. Sikumwambia kwamba nitakwenda. Nilikaa benchi la nyuma, nyuma ya familia zote mbili.

Mwanasheria wa upande mmoja alikuwa hodari, wa wale wanaozungusha swali hadi shahidi aseme wanachokitaka. Alimbana kwa muda mrefu. Mwishoni akamtaka aseme kama aliyechoma kisu alitumia mkono wa kushoto, kwa sababu mteja wake anatumia wa kulia.

"Jeraha haliniambii hilo, Maître," akamjibu.

"Lakini wewe ni mtaalamu! Kwa maoni yako?"

"Kwa maoni yangu, jeraha haliniambii."

Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akamtazama vizuri, kisha akamwamuru karani aliandike jibu hilo kama lilivyosemwa. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akanong'ona, "Huyu dokta mudogo, anatoka masomo ya wapi?"

Niliketi wima nikajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa mahakamani, hadi askari wa mlangoni akanigeukia: "Kwangu, papa. Mimi njo nilimufundisha."