Gololi Kumi na Moja Kila Upande

Miaka miwili tangu macho yake yazimike kabisa, Évode Bigirimana alikuwa ameacha ubishi. Mtu aliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa kung'ang'ania hata nukta ya desimali, sasa alishinda kwenye kiti cha plastiki barazani kwake mtaani Niboye, akiitikia kila aambiwalo. Presha ya macho ilianza kwa jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na alipokubali kwenda hospitali maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tangu hapo hakutoka getini ila kwa kushikwa mkono, na kwa kuwa hakupenda kushikwa mkono, hakutoka.

Mkewe, Gahongayire, alikuwa mjumbe wa afya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Niboye hadi Kagarama akipima watoto wachanga na kuwakumbusha mama zao kliniki. Mwanzoni mwa mwaka aliitoa stoo baiskeli ya mumewe, ile nyeusi yenye keria nyuma, akaifuta vumbi na kuanza kuipanda. Évode hakumkataza wala hakumsifu.

Jumamosi moja, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ulipokwisha na watu kurudi majumbani na majembe yao, Gahongayire alienda kumwona mzazi mmoja. Évode alimsikia akirudi tangu yuko mbali. Kati ya honi za pikipiki na kelele za watoto wa jirani, alisikia kitu kingine: *ka!* Kikanyamaza. Halafu *ka!* tena. Alijikuta anahesabu. Geti lilipofunguliwa alikuwa amekwisha kupata jibu.

"Umekuja na mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa gani?"

"Baiskeli. Ni ekseli ya kati, pale krenki, ile mikono ya pedeli, zinaposhikia. Imelia tangu lini?"

Gahongayire alisimama palepale, mkono kwenye usukani. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa swali na mumewe.

"Wiki mbili sasa, Baba Iradukunda. Fundi wa kule barabarani kasema ni cheni, akaipaka mafuta. Mwenzake akasema ni pedeli, akanibadilishia."

"Mbona inalia mara moja tu kila mzunguko? Ishike krenki, uitikise kulia na kushoto. Inacheza?"

Alitikisa. "Inacheza, tena sana."

"Basi gololi za ndani zimekwisha, na pengine ekseli yenyewe. Lete spana zangu, nyundo na kipande cha ubao kigumu. Utaifungua mwenyewe."

"Mimi? Nitaweza?"

"Nitakuelekeza."

Baiskeli ikageuzwa magurudumu juu, uani, penye saruji. Évode akasogeza kiti karibu, mikono akaiweka mapajani kama anayesimamia mtihani. Akamwambia mkewe alegeze nati ya pini inayobana krenki, ila asiitoe yote.

"Iache ilingane na ncha ya pini, ndipo upige. Ukipiga pini tupu utaponda nyuzi zake. Ubao uuweke chini ya krenki, uibebe."

Gahongayire akapiga. Hakuna kitu. Akapiga tena.

"Unaibembeleza," Évode alisema. "Piga mara moja, kwa nia."

Akapiga kwa nia. Pini ikaruka, naye akapiga vigelegele hadi jirani akauliza kuna nini. Krenki zote mbili zikatoka. Kikombe cha kushoto, kinachobeba gololi, kikafunguka bila shida. Cha kulia, upande wa cheni, kilikataa mpaka mikono ikamuuma.

"Unageuza upande gani?"

"Wa kufungua, kama nilivyofungua kile kingine."

"Hicho kina kichwa chake. Kigeuze kama unayekaza."

Kikaguna, kikalegea. Gololi zikamwagika kwenye beseni pamoja na grisi iliyokauka kama ugali wa jana. Gahongayire akaisafisha ekseli kwa mafuta ya taa, akaiweka kiganjani mwa mumewe.

Évode alipitisha ukucha wa kidole gumba polepole juu ya ile sehemu gololi zinapokimbilia. Ukazama. Akaizungusha kidogo, ukazama tena. Palikuwa na vishimo vitatu, kimoja kirefu kuliko vingine. Aliviona, na hakuwa na neno jingine la kuita jambo lile: aliviona, waziwazi kama alivyokuwa akiona kosa kwenye daftari la mwanafunzi. Akairudisha na kumwambia mkewe aende nayo dukani.

"Mpya waipime urefu na hii. Wakikuambia zote ni sawa, usikubali. Na vikombe uvilete vipya."

Gahongayire alipanda pikipiki, akarudi na ekseli, vikombe viwili na pakiti ya gololi. Alitaka kumaliza kabla mvua haijanyesha, maana upande wa Kagarama mbingu ilikuwa imeanza kunguruma. Évode akamweleza: grisi ndani ya kikombe, gololi zipangwe moja moja, kumi na moja kila upande, ekseli iingie na upande wake mrefu kwenye cheni. Gahongayire akapanga, akafunga, akarudisha krenki na kuizungusha.

"Imekwisha! Haichezi hata kidogo."

"Izungushe tena."

Évode aliinama, akaegemeza sikio kwenye bomba la fremu. Chuma kilikuwa cha baridi. Krenki ilizunguka vizuri, halafu mahali fulani ikasita, kama mtu anayejikwaa na kuendelea na safari.

"Inashika. Fungua."

"Baba Iradukunda, nimechoka, na mvua hiyo inakuja. Mimi naona inazunguka."

"Wewe unaona!" Sauti yake ilipanda ghafla. "Mimi sioni. Mimi nasikia, na ninakuambia inashika!"

Gahongayire alivuta pumzi, akakaa chini kwenye saruji. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliweka kumi na mbili upande wa kushoto."

"Nini?"

"Nilipanga kumi na moja, nikaona nafasi imebaki. Nikadhani umesahau. Nikaisukumiza nyingine ndani ya grisi."

Évode alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na mkewe, aliyekuwa karibu kulia, akacheka naye.

"Hiyo nafasi ndiyo pumzi yao," alisema. "Ukiwabana, mmoja anapanda juu ya wenzake. Toa krenki ya kushoto."

Safari hii hakurudi kitini. Alipiga magoti, akapapasa mpaka akakipata kikombe, akachovya kidole kwenye grisi. Gololi ya kwanza ilimponyoka. Ya pili pia. Gahongayire alinyoosha mkono kusaidia, akaurudisha. Ya tatu ikakaa. Zilipofika kumi na moja, Évode alizipitia zote kwa ncha ya kidole, akaigusa ile nafasi ndogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikaza kikombe mwenyewe, akilegeza unywele mmoja, akikaza nusu yake, mpaka ekseli ikaacha kucheza na bado ikazunguka laini. Mkewe alishikilia kikombe kisisogee, naye akabana ringi ya kufungia. Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, pini zilikuwa mahali pake.

Kesho yake, baada ya misa, Gahongayire aliitoa baiskeli barabarani. Aligeuka akamkuta mumewe nje ya geti, kiganja ukutani.

"Nenda," Évode alisema. "Polepole. Nataka niisikie."

Akaenda polepole, naye akafuata kwa miguu, mkono ukitelezea kwenye kuta za majirani, mpaka njia panda. Hakuna kilicholia ila tairi kwenye mawe.

Pale ndipo Habiyaremye, mbeba maziwa, alipowapita akisukuma baiskeli yake yenye madumu, *ka! ka!* hadi mwisho wa mtaa.

"Wewe!" Évode aliita. "Simama!"

"Mwarimu? Komera, Mwarimu! Siku mingi!"

"Tangu lini inalia hivyo?"

"Ah, iko inalia tu, iko nzee. Fundi anasema nitupe."

"Usitupe kitu. Maliza kugawa maziwa, halafu uilete kwangu. Na uje na mikono yako, utafungua mwenyewe. Mimi nitakuelekeza, kisha gololi nitazipanga."

Habiyaremye alimtazama Gahongayire, asijue aulize nini.

"Ilete," Gahongayire alimwambia. "Ila usizidishe gololi. Atakusikia."