Viatu Vilivyotazama Kakuma

Mdogo wangu alifukuzwa shule ya bweni Lodwar mwaka 2012, akiwa darasa la nane, kwa sababu ya waya wa pampu ya kisima. Wazazi wetu walikuwa wamekufa. Mimi niliacha masomo darasa la sita ili nimlee, na wakati huo nilikuwa nauza mkaa Kakuma kwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Niliposikia ameitwa mbele ya kamati ya shule, nilifunga biashara nikaenda kama mzazi.

Waya ulikatwa na kuibwa Jumamosi. Wikendi hiyo mdogo wangu alikuwa kwangu, kwa ruhusa ya shule. Nilidhani hilo lingemaliza mkutano mapema.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja mwenye mjukuu hapo shuleni alivua viatu vyake vya ngozi akavirusha mchangani, kama wanavyofanya waaguzi wetu wakitafuta kilichopotea. Akainama kuvisoma.

"Viatu inaangalia Kakuma," akasema.

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa digrii, akacheka. "Mzee, vaa viatu vyako. Siku hizi tunatumia ushahidi."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Mapenzi hayo hayakudumu.

"Kijana alikuwa wapi Jumamosi?" akaniuliza.

"Kwangu, Kakuma. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa.

"Na Kakuma ndiko waliko wanunuzi wa vyuma vikuukuu," mwenyekiti akawaambia wenzake. "Mnaona? Alienda kutafuta soko."

"Aliondoka hapa Ijumaa. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa bado yanatoka."

"Basi aliacha ametuma wenzake."

"Na kama angebaki shuleni?"

"Angekuwa karibu na pampu, dada. Hilo nalo ni la kuuliza?"

Watu wakacheka, na hakuna aliyetambua kwamba kwa maneno ya mwenyekiti, kijana angekuwa na hatia popote pale. Mama mmoja akaongeza kwamba sisi wa Kakuma tumezoea kula unga wa wakimbizi, waya tutauachaje? Nikamwambia unga huo naupata kwa mkaa wangu.

"Sikieni anavyojua kujibu," akasema. "Ndivyo walivyo."

Mdogo wangu alipoulizwa, alinyamaza. Wakasema amekiri, wakamfukuza.

Tangu siku hiyo nimemheshimu yule mzee kuliko kamati nzima. Viatu vyake alivirusha mbele yetu sote, na vingeweza kuanguka vikitazama kwingine, hata Katilu kule kusini. Maneno ya mwenyekiti hayakuwa na upande mwingine wa kuangukia.

Baada ya wiki chache waya mpya nao ukaibwa. Mdogo wangu alikuwa Kakuma, ananisaidia kupakia mkaa. Nilirudi Lodwar nikiwa na furaha ambayo sasa naionea aibu, kwa kuwa niliamini nimepata jibu lisilokatalika. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, na jina lake lilikuwa limesajiliwa pale.

"Hilo ndilo linalotusikitisha," mwenyekiti akaniambia kwa upole. "Angalia alivyowaharibu wenzake. Hata akiwa hayupo."

Mtihani ulifanywa bila yeye.

Mwanzoni mwa 2013 nilimpeleka shule moja ya Kakuma arudie darasa. Mwalimu aliyetupokea, kijana mwenye shati safi, aliuliza kwa nini aliondoka Lodwar. Ningeweza kumdanganya. Nilimweleza yote, kuanzia waya wa kwanza hadi wa pili.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini mama, shule haiwezi kumfukuza mtoto bure."

Safari hii sikubishana. Niliketi chini mlangoni pa ofisi yake, mdogo wangu kando yangu na sanduku lake la bati, na kila aliyetaka kuingia ilibidi aturuke. Jioni akamwandikisha ili tumwondokee. Hadi leo sidhani kama aliniamini.